Bibi wa Nyungu na Mwiko wa Zaina

Mtaani kwetu Bagamoyo walimwita Bibi wa Nyungu, hata wazee wenziwe, na mimi sioni sababu ya kumtafutia jina jingine leo. Nyungu yenyewe kila mtu anaijua: chungu cha majani yaliyochemka, mgonjwa anafunikwa shuka nzito pamoja nacho, anavuta mvuke mpaka jasho limshuke mgongoni. Mwanamke gani wa pwani hajui kupiga nyungu? Yeye alipewa jina kwa sababu alijua cha kutia ndani, na kwa sababu alipotokeza uchochoroni na kile chungu kichwani, waliokuwa wakicheka barazani waliacha kucheka.

Wajukuu zangu siku hizi wakiwashwa na ngozi wanameza kidonge cheupe, wanasinzia, yamekwisha. Wanasema ni mzio. Neno zuri, fupi, na sisi hatukuwa nalo. Sisi tulisema chakula kimemkataa, au damu yake imechafuka, au fulani ana jicho, kisha tukatazamana kutafuta huyo fulani ni nani. Ugomvi wa majirani wa miaka na miaka umeanzia kwenye upele wa mtoto.

Ninamkumbuka Bibi kwa ajili ya mdogo wangu Zaina. Zaina alikataliwa na kamba na uduvi. Sasa fikiri mwenyewe: mtoto wa Bagamoyo, mji ambao uduvi, vile vikamba vidogo vya kukaushwa visivyozidi punje ya mchele, unatwangwa ukatiwa kwenye kisamvu, kwenye mchicha, kwenye kachumbari, kila mahali ambapo mwanamke anataka mboga yake inukie. Kumweka Zaina hai katika mji huo ndiyo ilikuwa kazi ya nyumba yetu, na aliyetufundisha kazi hiyo ni Bibi wa Nyungu.

Alikuwa mfupi, mweusi tii, na pua yake ilikuwa ndogo mno kwa kazi iliyokuwa ikifanya. Hakumgusa mgonjwa kabla ya kumnusa. Alinusa nywele, akanusa nyuma ya sikio, akanusa vidole vya mkono wa kulia, kisha akauliza: jana umekula nini, juzi je? Na ole wako umfiche. Alikuja mzee mmoja, mtu mzima na heshima zake, amevimba midomo, anaapa kwamba tangu jana hajala ila muhogo wa kuchemsha. Bibi akamnusa vidole, akamwambia taratibu kwamba huo muhogo ulikuwa na mikono minane. Mzee alikuwa amekula pweza kwa mke mdogo, na mke mkubwa ndiye aliyemsindikiza kwa Bibi. Midomo ilipona siku ile ile, mengine yalichukua mwezi.

Dawa zake nilizijua kwa macho, maana nilikuwa nikimchumia mama. Mtu akijaa mabaka ya kuwasha, Bibi alimwogesha maji ya majani ya mpera na kivumbasi, vuguvugu, bila kumsugua, na akamlambisha habasoda iliyosagwa ndani ya asali. Wa mafua yasiyokwisha, yule anayepiga chafya tangu alfajiri na macho yanamwasha mpaka anayafikicha kwa ngumi, huyo alipigwa nyungu ya mchaichai na mwarobaini. Mwenye tumbo lililochafuliwa na chakula alipewa ukwaju na tangawizi. Na zilisaidia, nisikudanganye. Nimeona mabaka yakinywea mbele ya macho yangu, mtoto akaacha kulia akalala.

Ila mganga hajigangi, na huo ulikuwa mchezo wetu. Kila alipotwanga habasoda yeye mwenyewe alipiga chafya mfululizo, machozi yanamtoka, na wanawake wakimwambia pole wanacheka pembeni. Alikataza watu pilipili na yeye alikula pilipili mbichi na muhogo. Alikuwa mchamungu, sala hazimpiti, na hapo hapo hakuna umbea wa mji uliompita. Alikuwa na choyo cha sukari. Ukimkuta anakunywa chai alikusogezea mgongo. Kwenye ngoma za harusi alicheza kuliko wasichana, halafu asubuhi yake ukimsalimia shikamoo alikujibu marahaba kwa sauti ya mtu anayetoka mazikoni. Sikupata kumwelewa. Nilimpenda na nilimwogopa, na mara nyingi nilimwogopa zaidi.

Sababu ya kumwogopa ni kizingiti. Alipoitwa kwenye nyumba, alisimama mlangoni kwanza, akamtazama mgonjwa kwa mbali, akasikiliza anavyopumua. Akiingia, watu walishusha roho. Asipoingia, alikishusha chungu chake chini na kukifudikiza palepale mlangoni, bila neno. Basi hapo wenye nyumba walijua. Wengine walimlilia, wengine walimtukana, na wapo waliosema chungu chake ndicho kinachoua, kwa kuwa kila kilipofudikizwa maiti ilitoka. Nilimsikia siku moja akimjibu mwanamke aliyemwambia hayo usoni. Alisema yeye ni mtu wa majani, na majani yana mwisho wake, na afadhali mtu akuambie mwisho kuliko akulie chai yako mpaka mgonjwa akate roho. Yule mwanamke hakumsamehe.

Jambo jingine, hakutaja majina ya majani yake. Alisema "yule wa kisimani", "yule mchungu", "yule wa mzee", na sisi tulidhani ni uchoyo kama wa sukari. Mama ndiye aliyenieleza. Zamani Bibi alikuwa akitaja. Akaja mtu wa bara, Mkwere wa watu, ana pumu, kifua kinalia. Bibi akamwambia atafute mnanaha, akaushe jani lake, achome na kuvuta moshi kidogo tu puani, asithubutu kulitia mdomoni. Mtu yule akarudi kwao, akawasimulia ndugu zake, na njiani jina likapoteza herufi. Mnanaha ukawa mnanaa, na mnanaa ni ule wa chai, kila mtu anaunywa. Waliokwenda kuchuma walichuma mmea ambao mgonjwa mwenyewe aliwaonyesha kwa kidole, mnanaha wenyewe, lakini wakaupika kwa jina walilolisikia. Wakamnywesha kikombe kizima cha sumu. Alikaa siku mbili akiokota vitu hewani visivyoonekana na kuzungumza na marehemu baba yake. Akapona, Mungu alipenda, lakini macho yake hayakurudi kuona vizuri. Tangu hapo Bibi akasema jina ni mlango, ukishaufungua hujui ataingia nani. Akawa anakupa jani mkononi, ukienda nalo unakwenda nalo, na neno hupewi.

Nirudi kwa Zaina. Mara ya kwanza alikuwa mtoto wa kucheza kombolela. Alikula kamba wa kuchoma, kitu alichokwisha kula mara nyingi, mara akaanza kujikuna masikio. Mabaka yakapanda mikononi, midomo ikavimba. Bibi alipoitwa, mama akamwambia haiwezekani ikawa kamba, mtoto kamba anakula siku zote. Bibi akasema ndivyo ilivyo: chakula cha namna hii hukaa nawe kwanza kikakuzoea, ndipo kikukatae. Akamwogesha, akamlambisha habasoda, jioni Zaina yuko uani anacheza. Tukaona jambo dogo.

Mara ya pili ilikuwa uduvi ndani ya kisamvu kwa jirani. Safari hii macho yalifumba kabisa na sauti ikawa ya mkwaruzo. Majani yalisaidia, lakini Bibi alikaa naye mpaka Isha, sikio kifuani kwake. Alipomaliza akamwita baba na mama, akaweka kidole chake kooni, hapa kwenye kishimo.

"Majani yangu yanafika hapa," akasema. "Yakipita hapa msinitafute mimi. Mbebeni mkimbie hospitali ya serikali, mwambieni daktari ampige sindano."

Maneno hayo yalizunguka mji mzima. Bibi wa Nyungu anawapeleka watu kwenye sindano ya Mzungu! Waganga wenzake walisema amezeeka, wengine wakasema amelishwa kitu. Yeye aliwajibu kwamba mwenye kuogopa sindano na afe na adabu zake. Na mara ya tatu, tulipombeba Zaina hana sauti, midomo imebadilika rangi, ilikuwa ni ile sindano iliyomrudisha. Bibi alikuja kumwona hospitalini, akasimama mlangoni kama kawaida yake, kisha akaingia, na mama akalia kwa furaha.

Baada ya hapo alikuja nyumbani kwetu kututengenezea jiko. Aliona mama anapika vizuri, chungu cha Zaina mbali, sahani yake mbali, lakini mwiko wa kukorogea ni mmoja. Akauchukua, akaunusa, akamwuliza mama kama anaona aibu kuwa na miko miwili kama watu. Siku ile ile baba akachonga mwiko mpya wa mti wa mchungwa, akauunguza mpini kwa moto ili usichanganyike na mwingine. Huo ukawa mwiko wa Zaina. Ukiushika kwa mboga ya uduvi ulipigwa makofi. Sisi nyumbani mtu akisema "mwiko wa Zaina" hatukufikiria kitu kingine chochote, ni kile kijiti cha mpini mweusi kilichoning'inia peke yake. Miaka ikapita, Zaina hakuvimba tena.

Akakua. Alikuwa mzuri kuliko mimi, na nalisema hili bila kinyongo kwa kuwa mji mzima ulikwisha kulisema. Vita kuu ya pili ilipokuwa inakwisha, ikaja posa kutoka Mkange. Watu wa shamba, wenye minazi na korosho, dini yao imara, kijana mwenyewe mpole, na Zaina alimtaka. Hakuna aliyemlazimisha. Baba akaridhika, mama akaridhika, Bibi wa Nyungu akaja kuharibu.

Alikaa barazani akasema Mkange ni mbali. Baba akamwambia Pangani ni mbali zaidi na dada zake wameolewa huko. Bibi akasema hazungumzii mbali na mama yake, anazungumzia mbali na sindano. Uduvi wa Saadani unafika Mkange kwa vikapu, sindano haifiki. Akashauri aolewe hapa hapa mjini, au kama ni lazima atoke, aolewe bara kabisa kusiko na vitu vya pwani.

Baba alikuwa mtu wa utani, akamwuliza: "Kwa hiyo Bibi, nimwoze mwanangu kwa hospitali?"

Tulicheka sote. Zaina alicheka mpaka akajificha uso kwa kanga. Bibi hakucheka, aliinuka akaenda zake, na chai yenye sukari aliiacha. Hilo la sukari lilinitia baridi. Mama naye aliona, akanitazama, lakini posa ilikwisha kujibiwa.

Siku ya kumpeleka bi harusi, Bibi alikuja amevaa vizuri. Hakucheza. Alimtafuta mkwewe Zaina, mama wa kijana, mwanamke mnene mwenye uso wa huruma, akamshika mikono yote miwili mbele yetu. Nilikuwa nimesimama karibu, nilisikia kila neno, na lilikuwa neno moja tu.

"Chungeni mwiko wake," akamwambia.

Yule mama akasema kwa heshima, "Tutauchunga, Bibi. Tumekwisha kuambiwa. Uduvi hatauona kwetu."

Mama akafurahi, Bibi akamwachia mikono, sote tukaridhika. Mwiko wenyewe wa mpini mweusi mama aliutia kwenye mkoba wa Zaina, chini ya kanga. Baadaye tulisikia kwamba Zaina aliuona haya. Bi harusi atatoaje kijiti kilichoungua mbele ya mawifi zake, aseme mimi nipikieni kwa hiki? Aliuficha. Simlaumu. Ungekuwa wewe ungeuficha.

Na kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Watu wa Mkange walishika ahadi yao kuliko tulivyotarajia. Kwao mwiko ni mwiko: mtu akisema koo lake halili kitu fulani, haulizwi sababu, hicho kitu hakimsogelei. Zaina alipikiwa peke yake. Akaja kututembelea amenenepa, ana mimba, anatusimulia jinsi mkwewe anavyomgombeza yeyote anayeanika uduvi karibu na chumba chake. Nilimtania kwamba amepata mama wa pili, wa kwanza sasa tumtupe. Bibi wa Nyungu alimnusa nywele, akamnusa vidole, akasema anawashukuru watu wa Mkange. Ndiyo mara ya mwisho nilimwona amestarehe.

Zaina akajifungua mtoto wa kike, Siti. Tulipata salamu njema. Hazijafika siku arubaini, ikaja salamu nyingine.

Tulikwenda, mama, mimi na Bibi, ambaye hakuna aliyemwita na hakuna aliyethubutu kumzuia. Hakuchukua chungu. Tulipofika Zaina alikwisha kuzikwa. Wanawake wamejaa ndani, na mkwewe Zaina amelala chini, amelia hata sauti imekwisha. Alipomwona mama alitambaa mpaka miguuni kwake, akaapa. Alisema wallahi tumechunga mwiko. Tangu alipoingia nyumba hii mpaka siku yake ya mwisho hajapewa uduvi hata chembe. Alikunywa uji wake wa pilipili manga, uji wa mzazi, mtupu, akasema koo linamwasha, na kabla mumewe hajapata mtu wa kumbeba alikuwa hawezi tena kuvuta pumzi. Mwanamke yule alikuwa anasema kweli. Usoni mwake hapakuwa na kitu ila kweli.

Bibi alikuwa hajakaa. Akauliza, kwa upole, neno ambalo kila mtu mle ndani alilisikia vingine.

"Jikoni kwenu mna miko mingapi?"

"Mmoja tu, Bibi," mkwewe Zaina akajibu. "Wa uduvi. Hakuwa na mwiko mwingine."

Mimi nilimwelewa Bibi. Mama naye alielewa, nilimwona akishika ukuta. Bibi akaenda jikoni peke yake. Siku Zaina aliyokunywa uji ule, walikuwa na wageni waliokuja kumwona mzazi, na wageni walipikiwa uduvi wa nazi, chungu chao mbali na cha Zaina kama desturi ya nyumba ile. Wifi mmoja, binti mdogo, ndiye aliyekuwa akikoroga vyungu vyote viwili. Bibi alitoka na mwiko mkononi, ameuweka puani. Akautazama mkusanyiko wote wa wanawake, akamtazama yule mama aliyelala chini, nami nilikuwa naomba Mungu asiseme. Aliurudisha jikoni, akaja akakaa chini na waliofiwa, akalia kama watu wengine. Nilikuwa sijapata kumwona akilia kwenye msiba wa mtu.

Njiani kurudi mama alimwambia kitu kimoja tu, kwamba angesema mwiko wa kukorogea. Maneno mawili zaidi. Bibi akasema ndiyo. Hakujitetea, na mama hakurudia tena mpaka alipokufa.

Mtoto nilimchukua mimi. Mkwewe Zaina alinipa mwenyewe, akasema anamwogopa, anaogopa kumpa hata maji. Mimi nilikuwa sijajaliwa kuzaa wakati huo. Nikamwambia mume wangu kwamba silei mtoto wa Zaina katika mji wenye uduvi, na yeye, Mungu amrehemu, hakubishana. Tukahamia Msata, akafungua kiduka pale njia ya Bagamoyo inapokutana na barabara kubwa. Huko watu wanakula mlenda, maharage, nyama ikipatikana. Uduvi haufiki ila kwa mkono wa mtu, na malori yanapita, ukitaka kukimbia utakimbia. Nilizaliwa kwenye nyumba ya mlango wa nakshi, nikazeekea kwenye vumbi la Msata, na watu wa kwetu wakanisema kwamba nimejitia ukwere. Wacha waseme.

Huko nyuma Bagamoyo, Bibi alibadilika. Habari zake zilinifikia kwa wapita njia. Yule mtu wa neno moja akawa hanyamazi. Mgonjwa akija na mabaka alitajiwa jina la kila jani, na umbo lake, na linaota wapi, na lisichanganywe na lipi, kisha akarudiwa tena tangu mwanzo, na anayemsindikiza naye akaelezwa, na aliyepita njiani akaitwa aelezwe. Alishika watu kwa kanga wasiondoke. Alisema, "Nimesema mwiko, sikiliza vizuri, huu wa mti, wa kukorogea," hata kwa mtu aliyekuja na jipu. Watu walichoka. Wakaanza kumkwepa, wakaenda kwa waganga wengine wenye maneno machache. Nilipoambiwa hayo nilisikitika sana. Nilimwonea huruma kuliko nilivyomlaumu, ingawa kumlaumu nilimlaumu, nisijifanye mtakatifu.

Kisha nikasikia kwamba maneno yenyewe yameanza kumtoka. Anaanza kueleza jani, anasahau jani gani. Anapiga nyungu ya maji matupu.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo. Siti alikuwa msichana wa chuo cha Kurani, amekwisha kuhitimu juzuu zake za mwanzo, mwenye shingo ndefu ya mama yake. Ilikuwa alasiri. Lori lililotoka Bagamoyo likasimama mbele ya duka kubadilisha gurudumu, abiria wakashuka kunyoosha miguu, na miongoni mwao ajuza mdogo anayeshikwa mkono na mjukuu wake. Walikuwa wanakwenda kwa ndugu zao ng'ambo ya Chalinze, mjukuu alisema, kwa kuwa pale mjini hakuna tena wa kumwangalia. Sikumjua mpaka aliponikaribia, akaniinamia, akaninusa nywele. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akaniita kwa jina la mama yangu.

Nilimkalisha barazani. Nikamwambia Siti, msalimu Bibi, na Siti akamsalimu vizuri, akakaa karibu naye. Nikaingia ndani kumtafutia maji ya kunywa na sukari ya chai yake. Niliporudi, Bibi ana furushi limefunguliwa mapajani, na mtoto anatafuna.

Nikamwuliza anatafuna nini. Akanionyesha kiganja. Alisema Bibi amempa zawadi ya kwao, tamu, ya kukaanga na chumvi.

Sijui maji niliyaweka wapi. Nilimfungua kinywa, nikatoa nilichoweza kutoa, nacho kilikuwa kidogo, kingine kimekwisha kushuka. Nikampigia kelele mume wangu asiliache lile lori liondoke. Nikampakata Siti jinsi asivyopakatwa mtoto mkubwa, nikamtazama midomo, nikamtazama masikio, shingo, nikarudi kwenye midomo. Mtoto akaanza kulia kwa kuniogopa mimi, na kila alipovuta pumzi ya kilio nilisikiliza kama inapita.

"Bibi," nikasema, "huyu ni mtoto wa Zaina. Wa Mkange. Umempa uduvi."

"Zaina yupi?" akauliza, na aliuliza kwa adabu, kama mtu anayetaka kujuana.

Mjukuu wake akaniomba radhi, akasema siku hizi hakumbuki. Nilikuwa najua kwamba mama yangu amekufa, baba amekufa, mkwewe Zaina amekufa kwa majonzi yake, na pale barazani kulikuwa na watu wawili tu duniani waliolijua koo la mama yake tangu utotoni mwake, na mmoja wao alikuwa anapunga nzi kwa ncha ya kanga akitabasamu.

Tulikaa. Dereva akamaliza gurudumu lake, akapiga honi, mume wangu akamwambia subiri, akasubiri akinung'unika. Kivuli cha paa kikateremka kwenye ngazi. Midomo ya Siti ilibaki midomo yake. Hakujikuna. Baadaye akaacha kulia, akauliza kama anaweza kushuka sasa, na kama ule mwingine anaweza kumaliza. Nikamwambia hapana, nikazidi kumshika. Mume wangu akasema alhamdulillahi, mtoto hana ugonjwa ule, tumekaa huku bure. Mimi sikumwachia, kwa kuwa Zaina naye alikula kamba mara nyingi kabla ya ile ya kwanza.

Bibi akaitwa aingie garini. Aliinuka kwa shida, akakusanya furushi lake. Lakini kabla ya kulifunga, akachota uduvi uliobaki, akaufunga vizuri kwenye kipande cha karatasi, kwa vidole vile vile vilivyomwogesha mdogo wangu, akauweka mkononi mwangu na kunifumba kiganja juu yake.

"Huu mbakishie mama yake," akaniambia. "Mzazi hanyimwi kitoweo."

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikamwambia ahsante, Bibi, atakula.